Mpangilio Aujuao Mwenyewe

Usingizi wa mchana hauna adabu, haupigi hodi, na leo unamkuta Nakijwa Mchomvu mahali ambapo mtu mwenye akili zake hatakiwi kusinzia hata kidogo: kwenye benchi la mbao katika korido ndefu ya hospitali ya wilaya, saa saba na robo mchana, akisubiri kuitwa kwenye usaili. Yuko hapo tangu saa mbili asubuhi. Wako kumi na mmoja wanaogombea nafasi moja ya kutunza majalada ya wagonjwa, na wote wanaongea, jamani, wanaongea utadhani wamealikwa harusini. Ndani ya nusu saa wameshajuana, wameshapeana namba za simu, wameshagundua nani ni shemeji wa nani, na yeye peke yake amekaa pembeni ananyoosha pembe za bahasha ambayo imenyooka tangu jana. Dada aliyebanana naye, anayeitwa Stamili, ameshamsimulia uchungu wa watoto wake wote wanne, na kila akimaliza mtoto mmoja anamgeukia na kumwuliza, shoga, mbona hivyo, unaumwa? Haumwi. Ndivyo alivyoumbwa. Ana miaka thelathini na miwili, na tangu ajue kuongea watu wanamwuliza kama anaumwa.

Kazi yenyewe anaitaka mpaka kifua kinambana. Chumba kimoja, rafu, majalada, mlango unaofungwa, mtu mmoja: siku aliyosoma tangazo lile ubaoni alihisi limeandikwa na mtu anayemjua. Akiikosa, Jumatatu anaanza kwa mama yake mkubwa, Mama Eliwaza, mwenye duka la magodoro pale stendi, na kazi ya huko ni kusimama mlangoni na kipaza sauti kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, kuwaita wapita njia kwa majina ya utani, kucheza kidogo muziki ukipigwa, na kuyasifia magodoro. Mama Eliwaza hana ubaya hata chembe. Amemlea, anampenda, na ameshamwambia mara mia kwamba wewe mwanangu akili unazo, kinachokukosesha maisha ni kutochangamka tu. Lakini kile kipaza sauti Nakijwa hakiwezi, na amekifikiria tangu alfajiri.

Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo hasa linalomtoa jasho. Jopo likimwuliza kwa nini aliacha kazi ya kwanza, atasema nini? Alikuwa karani wa shule ya sekondari huko milimani, miaka sita, ofisi ni yake peke yake, na vyeti na majalada ya wanafunzi aliyapanga kwa namna yake mwenyewe: si kwa herufi, si kwa mwaka, bali kwa kijiji anakotoka mwanafunzi, na ndani ya kijiji kwa jinsi nyumba zinavyofuatana njiani ukishuka kutoka kanisani. Alikuwa akitaka jalada anafumba macho, anaitembea njia ile kichwani, anafika nyumbani kwa mtu, na mkono unakwenda wenyewe. Hakumwambia yeyote. Hakuna aliyemwuliza, na kuanza kueleza mambo bila kuulizwa si desturi yake. Kisha akashikwa na homa ya matumbo, akalala wiki mbili hajitambui, na katika wiki hizo msichana mmoja aliyemaliza pale, Yunisi, akaja kuchukua cheti chake ili apokelewe chuo cha uuguzi. Walipekua ofisi nzima siku tatu, mkuu wa shule mwenyewe kakunja mikono ya shati, wasikione. Nafasi ya Yunisi akapewa mwingine. Nakijwa aliporudi, amekonda, nguo zinamning'inia, alikitoa kile cheti kwa muda ambao mtu angetumia kupenga kamasi. Mkuu wa shule akamwangalia, akamwambia, Nakijwa, unafanya kazi kama uko peke yako duniani. Kesho yake aliandika barua ya kuacha kazi, na katika fomu zote za maombi alizojaza tangu hapo, na ni nyingi, kwenye nafasi ya sababu ameandika mambo ya familia.

Basi anafumba macho kidogo tu, ayapumzishe, akijiambia hatalala, na anapoyafumbua korido imerefuka. Benchi lipo, wenzake hawapo, na kimya ni kikubwa mno kwa mahali palipokuwa na Stamili. Mwisho wa korido upo mlango ambao asubuhi hakuuona, mlango wa kawaida wa ofisi, rangi ya kijivu, umeachwa wazi nusu, na kwa kuwa Nakijwa hawezi kuona mlango umeachwa nusu akatulia, anainuka kwenda kuufunga, anashika kitasa, na badala ya kuufunga anajikuta ameshavuka. Upande wa pili ni barabara, na si moja, ni nyingi, zinaanzia miguuni pake na kwenda pande zote, zinapishana, zinajikunja, zinarudi zilikotoka, mchana mweupe usio na jua, na hakuna kibao hata kimoja kinachosema hii inakwenda wapi. Pembeni amesimama mtu aliyevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na hana uso. Pale penye uso pamekuwa laini tupu kama donge la unga lililokwisha kusukumwa. Nakijwa anataka kukimbia, lakini malezi ni malezi, mdomo unamtangulia kusema shikamoo. Marahaba, anajibu yule, sauti inatokea mahali fulani kwenye kola ya shati, unatafuta nini huku? Natafuta kazi, anasema Nakijwa, kazi inayomfaa mtu kama mimi. Mtu kama wewe yukoje? Mkimya, anasema, anayependa vitu vikae mahali pake, anayefanya mwenyewe bila kusimamiwa. Asiye na uso anatikisa kichwa kama daktari aliyesikia ugonjwa anaoujua. Kazi hiyo iko pale ambapo hakuna anayekuita na wote wanakungoja, anasema. Ni mbali? anauliza Nakijwa, maana saa nane nina usaili. Kwa anayenyamaza ni hapo tu, anasema yule, kwa anayeficha hata mimi sijawahi kufika, na saa nane iko mbele yako na iko nyuma yako, angalia utakakoikuta. Nakijwa anataka kumwuliza kunyamaza na kuficha vinatofautiana vipi, lakini mwenzake ameshaanza kutembea, na moyo unamdunda kwa hofu ya kuachwa peke yake kwenye barabara zisizo na majina, basi anamfuata.

Wanatembea, na barabara inapita chini yao badala ya wao kupita juu yake, na mji wa kwanza unawafikia. Ni mji wa vioo vitupu, kuta vioo, milango vioo, hata njia ni kioo, na mbele ya kila kioo amesimama mtu amevaa nguo za usaili anajisifu kwa sauti kubwa. Mimi ni mchapakazi, anapiga kelele mmoja. Mimi najituma, mimi nashirikiana vizuri na wenzangu, anajibu mwingine, na mwingine anaimba kabisa, mimi nafanya kazi chini ya shinikizo, chini ya shinikizo, mimi, na wakimaliza wanaanza tena, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nakijwa anainamisha kichwa apite haraka, lakini kwenye njia nako yumo, anajiona kutoka chini, na kwenye kila ukuta anajiona amesimama mbele ya rundo la magodoro na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, meno yote nje. Na huyo hapo Mama Eliwaza, kavaa kitenge chake chenye picha za samaki, anakuja amekunjua mikono. Mwanangu, umefika, anasema, nimekuwekea nafasi yako, changamka basi mama, changamka kidogo tu watu wakuone! Anamtia kipaza sauti mkononi, na Nakijwa, ambaye maisha yake yote hajaweza kumkatalia mama huyu kitu, anakipokea. Anafungua mdomo aseme kwamba hawezi, na sauti inayotoka si yake. Ni sauti nene, yenye vicheko ndani yake, inaita njoo kaka mwenye shati jekundu, njoo mama mwenye haraka, godoro hili ukilala unasahau hata deni la ndoa. Mji mzima unageuka. Watu wanapiga makofi, wanacheka, wanasema kumbe huyu dada ana maneno, kumbe alikuwa anatuficha! Mama Eliwaza machozi yanamtoka kwa furaha. Na Nakijwa, sauti ile ikiendelea kutiririka bila yeye, anatazama kwenye kioo kilicho mbele yake na kuona pua yake inafifia. Nyusi zimeshakwenda. Anapapasa shavu na mkono unateleza, hakuna kituo, hakuna pembe, na anaelewa mara moja watu wasio na uso wanatoka wapi. Anakitupa kipaza sauti, kinaanguka kwa mlio wa kutoboa masikio, anakimbia, Mama Eliwaza anamwita kwa nyuma, Nakijwa, mwanangu, nimekukosea nini? Na hilo ndilo linalomwuma zaidi, maana hajamkosea kitu.

Anakimbia mpaka kelele zinabaki nyuma na barabara inatulia, na anapojishika uso anakuta pua imerudi, anashukuru Mungu, nami ningeshukuru. Mwenye suti ya kaunda anamngoja kana kwamba hawakuachana. Huku hakuna vioo. Huku barabara imepangwa meza, moja huku, nyingine mbali kule, na kila meza ina mtu mmoja aliyeinama anafanya kazi yake, hapana anayemsemesha mwenzake, hapana anayeuliza kama mtu anaumwa. Nakijwa anapumua kwa mara ya kwanza. Anapita kwa fundi saa mwenye saa mia zilizofunguliwa. Anapita kwa mzee anayechora ramani kwa kalamu nyembamba ya wino. Anafika kwa mwanamke aliyefunga kilemba cheupe, anayepanga mbegu kwenye vichupa, na mwanamke yule anamsogezea kiti bila neno. Jamani, raha anayoisikia! Anazitenga mbegu za mchicha na za mnavu, ndogo kama vumbi, mikono yake inajua, hakuna aliyemkodolea macho, na anahisi angeweza kukaa hapo mpaka nywele ziwe nyeupe. Ila vichupa havina maandishi. Samahani, anasema kwa sauti ya chini, mtu akitaka mbegu ya biringanya ataijuaje? Mwanamke anatabasamu kwa kujivuna. Najua mwenyewe, anasema. Na saa hizi, anamwuliza fundi, mbona kila moja inasema wakati wake? Ya kweli naijua mwenyewe, anasema fundi. Mzee wa ramani naye anainua karatasi yake, njia tupu, bila jina la mto wala mji, na kabla hajaulizwa anacheka taratibu, mwenyewe, mwenyewe najua. Wote wanacheka kile kicheko cha chini cha watu wanaojua kitu ambacho wengine hawakijui, na Nakijwa anacheka nao, kwa sababu hawa ni ndugu zake, hajawahi kukutana na watu wanaofanana naye hivi. Lakini ndani ya kicheko kuna kitu kinamchoma ubavuni, na anasimama. Unaondoka? anauliza yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza anaonekana mwenye hofu, usiondoke, mimi nikifa hizi zote zitakuwa takataka. Nakijwa anamrudishia kiti chake. Anatembea, na meza zinakwisha, na mbele yake, katikati ya barabara, kuna chumba.

Ni chumba kile. Ni kile hasa alichokiona kichwani siku aliyosoma tangazo: mlango mmoja, rafu kutoka sakafuni mpaka darini, majalada yamesimama wima, kingo zimelingana, hata moja halijatokeza. Mwenye suti ya kaunda anabaki nje. Ndipo hapa? anamwuliza Nakijwa. Ndipo, anasema yule, ila angalia ni pa nani. Nakijwa hamsikilizi tena, anaingia, mlango unajifunga nyuma yake bila kishindo, na furaha inamjaa mpaka anaona aibu. Anapitisha kiganja kwenye kingo za majalada. Yote ni safi. Yote yametulia. Hapa, anajiambia, hapa hata wakinisahau nitafurahi. Na hapo hapo mtu anagonga. Ukutani kuna kidirisha kidogo, kama kile cha kuchukulia dawa, na mkono wa msichana umeingia, kiganja wazi. Dada Nakijwa shikamoo, inasema sauti, ni mimi Yunisi, nimefuata cheti changu, wamesema dirisha linafungwa saa nane kamili. Nakijwa mwili wote unafa ganzi, halafu unachangamka, maana amepewa nafasi ya kurudia, nani hupewa nafasi ya kurudia? Marahaba mdogo wangu, anasema, nakuletea sasa hivi. Anafumba macho. Anatoka kanisani, anashuka, nyumba ya katekista, nyumba yenye migomba miwili, mtaro, kona, nyumbani kwao Yunisi, na mkono unakwenda wenyewe, unavuta jalada, analifungua, na ndani kuna picha ya mtu asiyemjua. Anavuta la pili. Silo. Anavuta la kumi. Kijiji si hicho, njia si hiyo. Huu mpangilio si wake. Umepangwa, tena umepangwa kwa uangalifu mkubwa, anauona uangalifu huo kwa macho yake, kila kitu kipo mahali kilipowekwa kwa makusudi, na hakuna popote palipoandikwa makusudi hayo ni nini.

Anatafuta. Kwa herufi, hapana. Kwa mwaka, hapana. Kwa rangi ya jalada, kwa unene, kwa kabila, kwa dini, anajaribu kila njia ambayo kichwa cha mtu kinaweza kupita, na kadiri anavyotafuta rafu zinasogea nyuma na nafasi katikati yake inakuwa barabara, na barabara inazaa barabara, zote zimepangwa majalada kulia na kushoto, na anakimbia humo akivuta na kurudisha, kuvuta na kurudisha, kwa sababu hata katika hofu ile hawezi kuacha kitu nje ya mahali pake. Dada, inaita sauti ya Yunisi, saa nane kasorobo. Nakuja, anajibu, na sauti yake ni ndogo sana. Kwenye kona moja anakuta godoro limetandikwa chini, na juu yake mtu amelala amegeukia ukuta, amejifunika shuka, anatetemeka kwa homa. Gauni alilovaa ni la Nakijwa, lile la kijivu lenye vifungo. Nakijwa anapiga magoti. Dada, anasema, samahani, ni wewe uliyepanga humu? Ni mimi, anasema mgonjwa. Cheti cha Yunisi kiko wapi? Kipo. Kipo wapi? Nakijua kilipo, anasema mgonjwa, na sauti ni ileile anayoisikia Nakijwa kila siku kichwani mwake, tulivu, yenye haya, yenye kiburi kidogo kwa chini. Umepanga kwa kufuata nini, niambie, kwa jina, kwa mwaka? Kwa mlio wa viatu vyao, anasema mgonjwa, walivyokuwa wakiingia ofisini siku ya kwanza, kuanzia walionyata mpaka waliokokota, usihangaike, nikipona nitakitoa mara moja. Dirisha linafungwa sasa hivi! Nikipona, anasema mgonjwa. Yunisi anasubiri, atapoteza chuo, ungemwambia mtu, ungeandika hata kwenye kikaratasi! Hakuna aliyeniuliza, anasema mgonjwa, na anajifunika shuka kichwani.

Hapo Nakijwa anapatwa na hasira ambayo hajawahi kuijua. Haimjii kwa mkuu wa shule, wala kwa Stamili, wala kwa mama yake mkubwa na vipaza sauti vyake, inamjia kwa huyu mpole aliyelala, kwa upole wake huu huu ambao kila mtu anausifu, na anamvuta shuka, anamtikisa mabega, anamgeuza uso, na uso haupo. Ni laini tupu. Kumbe hata huku! Kumbe kuna njia mbili za kuupoteza uso. Na Nakijwa Mchomvu, ambaye hata alipomsindikiza dada yake leba alikuwa akinong'ona, anapiga kelele. Sema! Sema kiko wapi! Sema, wewe mwanamke, sema! Rafu zinatikisika, majalada yanaanza kudondoka, na kutoka mbali anasikia kidirisha kikishuka, mkono ukichomolewa, na sauti ya Yunisi, bila hasira hata kidogo, ikisema basi dada, asante, hamna shida. Hilo neno hamna shida linamtoboa moyo.

Nakijwa Mchomvu, anaita mtu. Anafumbua macho. Korido, benchi, mlango wa jopo uko wazi. Anasimama huku machozi yakiwa bado yamelowesha shavu, anaingia, na ndani wapo watatu nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, nyuso zao zote zimemgeukia, nyuso nzuri za watu wenye muda. Kwa nini uliacha kazi ya kwanza? anauliza mwenyekiti kwa upole, na Nakijwa, mdomo bado una moto wa kelele zile, anasema yote. Anasema homa, anasema njia ya kutoka kanisani, anasema Yunisi. Wanamsikiliza mpaka mwisho. Mama mmoja anafuta macho. Mwenyekiti anainuka, anazunguka meza, anamwekea kiganjani ufunguo wa shaba, mzito, wenye ubaridi, anamwambia chumba ni chako, na Nakijwa anaukumbatia ufunguo kifuani, analia kama mtoto, amemaliza, ameshasema, hatasema tena.

Shoga! Shoga we, amka, unaitwa! Ni Stamili, anamtikisa bega. Nakijwa anamkodolea macho. Nimeshaingia, anasema. Umeingia wapi, anacheka Stamili, wakati umenikoromea bega zima, tazama, umenilowesha blauzi, haya nenda, wamekuita mara mbili. Nakijwa anatazama kiganja chake. Hakuna kitu, ila alama za kucha. Saa ya ukutani inasema saa nane na dakika tano, na ujasiri wote aliokuwa nao ameutumia kule, kwa watu ambao hawakuwepo, na sasa inabidi autafute mwingine, na hajui kama anao. Anajifinya paja akitembea. Linauma. Lakini hata ufunguo ulikuwa mzito.

Jopo ni la watu watatu, na hakuna kitambaa mezani. Feni inakwaruza. Mwanamume mmoja anachezea simu chini ya meza akidhani haonekani. Muuguzi mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, anamenya karanga. Mwenyekiti ameinamia karatasi nyingine kabisa, anasaini, anasaini, na Nakijwa anaona tu utosi wake. Karibu, keti, jina, elimu, unajua kutumia kompyuta, ndiyo, kidogo, haya. Wamechoka, ameingia wa tisa. Mwenye simu anapekua fomu yake. Hapa umeandika uliacha kazi kwa mambo ya familia, anasema. Nakijwa anafungua mdomo, lakini muuguzi mkuu anawahi. Oo, pole sana mwanangu, anasema, na huruma yake ni ya kweli kabisa, anaacha na karanga, ni mzazi? Pole. Hayo mambo tunayajua, familia zetu hizi. Mwenye simu naye anasema pole. Hata mwenyekiti, bila kuinua kichwa, anasema pole sana, haya, swali linalofuata.

Na ndivyo ilivyo rahisi. Hahitaji hata kudanganya. Wamemdanganyia wenyewe, wamemalizia na kumpa pole, kinachotakiwa kwake ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndicho kitu anachokiweza kuliko watu wote kumi kule kwenye benchi. Akinyamaza, chumba kinaweza kuwa chake. Akisema, Jumatatu ni stendi, ni kipaza sauti, ni njoo kaka mwenye shati jekundu. Hakuna aliyemwuliza. Mwenye simu ameshafungua ukurasa wa pili, ameshaanza kusoma, je, unaweza kufanya kazi bila usimamizi. Nakijwa anaitazama meza, anawatazama watu hawa, na hajui, anaapa hajui, kama ni wa kweli au bado analala na bega la Stamili linalowana, na kama ni ndoto basi atalazimika kusema tena mara ya tatu, na ya nne, na labda kila atakapoamka kutakuwa na mlango mwingine na jopo jingine. Mikono yake imeishika bahasha na pembe moja imejikunja, na anaiacha ilivyo.

Samahani, anasema. Sauti ni yake, ndogo, inatetemeka. Mwenye simu anaendelea kusoma. Samahani, anasema tena kwa nguvu kidogo, swali la kuacha kazi bado sijalijibu. Kalamu ya mwenyekiti inasimama. Muuguzi mkuu anasema lakini mwanangu si umeshatuambia, na Nakijwa anasema hapana mama, sikusema mimi. Haikuwa familia. Nilipanga majalada kwa namna ninayoijua mwenyewe, halafu nikaugua.